Historia ya kituo cha redio cha AM: jinsi ya kuikusanya kabla kanda hazijaoza

Anza na masafa, usianze na majina ya wakurugenzi. Wengi wanaotaka kuandika historia ya redio ya mji wao huenda moja kwa moja kwa mzee aliyetangaza enzi hizo, wakamrekodi kwa muda wa saa tatu, wakarudi nyumbani na simulizi tamu lisilo na tarehe hata moja ya kutegemea. Mzee hana kosa. Miaka 60 imepita, kituo kimebadili jina mara kadhaa, na kumbukumbu ya mtu hushika nyimbo na sauti vizuri kuliko inavyoshika miaka. Kwa hiyo tafuta mifupa kwanza: kituo kilisikika kwenye kilohezi ngapi, kwa kilowati ngapi, kwa mnara wa urefu gani, tangu lini hadi lini. Hapo masimulizi yatapata pa kukaa, na yakipishana na ushahidi utayaona mapema.

Mfano wetu mkubwa hapa ni Sauti ya Unguja, iliyoanza 1951, mwaka uleule Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza ng'ambo ya pili. Ila hatua zenyewe zinafaa kwa kituo chochote cha masafa ya kati, yaani AM, katika ukanda wetu.

Jina la kituo ndilo kalenda yako

Chukua daftari, andika majina yote ambayo kituo kimewahi kuitwa na mwaka wa kila badiliko. Kwa Dar es Salaam utapata Sauti ya Dar es Salaam, kisha Sauti ya Tanganyika, kisha Tanganyika Broadcasting Corporation mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kwa Nairobi, kampuni ya Cable and Wireless ndiyo iliyoshika utangazaji hadi 1959, na baada ya uhuru kituo kikaitwa Voice of Kenya kuanzia 1964 hadi liliporudi jina la awali la KBC (Kenya Broadcasting Corporation) mwaka 1989. Unguja, Sauti ya Unguja ilibadilika jina baada ya Mapinduzi, ikaja kujulikana kama Sauti ya Tanzania Zanzibar, na 2013 ikaingizwa ndani ya ZBC, Shirika la Utangazaji Zanzibar.

Orodha hii itakuokoa mara nyingi. Barua yenye kichwa cha Voice of Kenya haiwezi kuwa ya 1962, hata kama mtu ameandika mwaka huo pembeni kwa kalamu. Kasha la kanda lenye neno "Tanzania" haliwezi kuwa la kabla ya Oktoba 1964, maana tangu Muungano wa Aprili 26 hadi mwezi huo nchi ilikuwa bado inaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Kama maandishi kwenye kasha yanasema "Machi 1964, Tanzania", basi kasha liliandikwa baadaye, au kanda ya ndani imebadilishwa. Yote mawili hutokea.

Wapime watu kwa njia hiyohiyo. Ukiambiwa kwamba Siti binti Saad alikuwa akiimba moja kwa moja studio za Sauti ya Unguja, kumbuka kwamba Siti alifariki Julai 1950 na kituo kilianza 1951. Aliyeyasikia hayo alisikia santuri zake, ambazo za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Usimkosoe mzee mbele ya mashine. Muulize tu, "Sahani ile ilikuwa na karatasi ya rangi gani katikati?" na mara nyingi atakueleza rangi, picha na hata mkwaruzo ulipokuwa.

Jedwali lako liwe na safu tano: tarehe, tukio, jina la kituo wakati huo, ushahidi, na kiwango cha uhakika. Pasipo na ushahidi paache wazi. Nafasi tupu inakukumbusha kutafuta, lakini kisio likishaandikwa kwa wino hugeuka ukweli baada ya miezi miwili.

Kuna mtego wa saa unaowanasa hata wazoefu. Mtangazaji akisema "saa mbili usiku" ni 20:00 ya Afrika Mashariki. Fundi mitambo katika daftari lake aliandika 17:00 kwa sababu alitumia GMT. Karani wa utawala akaandika "8 p.m." Hayo ni matukio matatu kwenye karatasi na ni tukio moja hewani. Chagua saa moja ya kuandikia, geuza zote ziwe hiyo, na pembeni nakili ilivyoandikwa awali.

Kutoka mita hadi kilohezi, na mwaka 1978

Magazeti ya miaka ya 1950 yalitaja urefu wa wimbi kwa mita, na watangazaji nao walisema "mita bendi". Kugeuza ni rahisi: gawa 300,000 kwa mita upate kilohezi. Mita 300 ni kilohezi 1,000. Mita 490 ni takriban kilohezi 612.

Sasa zingatia tarehe 23 Novemba 1978. Siku hiyo ulianza kutumika mpango wa masafa uliokubaliwa Geneva mwaka 1975 kwa Afrika, Ulaya, Asia na Pasifiki, na vituo vya masafa ya kati vikapangwa kwa hatua za kilohezi 9, kuanzia 531 hadi 1602. Namba ya kweli ya baada ya siku hiyo hugawanyika kwa 9 bila baki: 585 inagawanyika, 612 inagawanyika. Ukikuta karatasi isemayo kituo kilikuwa kilohezi 1,000 kamili mwaka 1985, ama mwandishi alikadiria, ama alinakili karatasi ya zamani. Na ukiona kituo "kilihama" kilohezi mbili au tatu mwishoni mwa 1978, usitafute sababu ya siasa. Mpango wa Geneva ndio uliokihamisha.

Chanzo kizuri cha namba hizi ni kitabu cha mwaka cha World Radio TV Handbook, kinachotoka tangu 1947, chenye orodha ya vituo nchi kwa nchi. Kisome kwa tahadhari moja: namba za kilowati humo zilitumwa na vituo vyenyewe, kwa hiyo mtambo uliokufa miaka mitatu iliyopita unaweza kuendelea kuorodheshwa. Chanzo kingine kinachosahaulika ni kadi za QSL. Wapenzi wa redio wa Sweden, Finland, Ujerumani au Japani waliandika barua kueleza walichosikia, na kituo kikawajibu kwa kadi yenye tarehe, saa, masafa na pengine saini ya mhandisi. Mkusanyiko mkubwa wa kadi hizi umehifadhiwa Vienna, Austria.

Ukipata barua ya msikilizaji wa mbali, tazama saa kwanza. Mchana, tabaka la chini la anga hunyonya mawimbi ya kati, na kinachosafiri ni wimbi linalotambaa ardhini. Usiku tabaka hilo hutoweka na mawimbi huakisiwa kutoka juu hadi mamia au maelfu ya kilomita. Hivyo barua ya mtu wa Ulaya aliyesikia matangazo saa sita mchana haizungumzii masafa ya kati, alisikia masafa mafupi. Vituo vyetu vingi vilirusha kipindi kimoja kwa njia zote mbili, na Zanzibar inajulikana sana kwa wapenzi hao kwa kilohezi 11735. Pwani kuna jambo la ziada: maji ya chumvi hupitisha umeme mara mamia, hata mara elfu, kuliko udongo mkavu, na wimbi la kati hupenda kutambaa juu yake. Mvuvi aliye mbali baharini alisikia vizuri pale ambapo mkulima wa bara, kwa umbali uleule, alisikia mkwaruzo. Jambo hili huingia kwenye historia yenyewe, kwa sababu ndilo lililoamua nani awe msikilizaji.

Mnara

Nenda ulipokuwa mtambo, hata kama umebaki msingi tu. Omba ruhusa kwa maandishi na ongozana na fundi. Mnara wa AM kwa kawaida wenyewe ndio antena, umesimama juu ya kikombe cha kaure kinachoutenga na ardhi, na mtambo ukiwa hewani ukiugusa utaungua hadi ndani ya nyama. Ndani ya jengo, kapasita kubwa huweza kubaki na umeme baada ya mtambo kuzimwa. Mafuta ya transfoma za zamani huweza kuwa na PCB yenye sumu, na valvu fulani za kurekebisha umeme zina zebaki ndani. Usifungue, usivunje, piga picha tu.

Urefu wa mnara unakupa njia ya kukagua masafa. Robo ya wimbi kwa mita ni 75,000 gawanya kwa kilohezi: kwa 585 unapata mita 128, kwa 1,000 unapata mita 75, na mnara halisi hupungua kidogo hapo. Upime kwa kivuli. Simika kijiti cha mita 1 wima, pima kivuli chake na kivuli cha mnara kwa wakati mmoja, gawanya. Ukipata mnara wa mita 40 kwenye kituo kinachodaiwa kuwa na kilohezi 585, basi ama ulikuwa na koili ya kuurefusha kiumeme chini yake, ama uliwahi kubeba waya wa antena ya umbo la T kati ya minara miwili. Tafuta msingi wa mnara wa pili.

Ardhini kunatakiwa kuwe na waya za shaba zilizotandazwa kama miali ya jua, mara nyingi 120 kwa kituo kilichojengwa kikamilifu, kila moja yenye urefu wa karibu robo ya wimbi. Waya hizi huibiwa, au hukatwa na trekta, na sauti hufifia ingawa mita za mtambo zinaonyesha nguvu ileile. Kwa hiyo, wasikilizaji wakilalamika kwamba redio "ilififia" mwaka fulani na daftari la mtambo haliandiki hitilafu yoyote, ulizia shaba.

Piga picha ya kibati cha kila mtambo: mtengenezaji, aina, namba ya mtambo, nguvu. Kibati hakichakai kama kumbukumbu. Ila mwaka wa kutengenezwa si mwaka wa kwenda hewani. Fedha huonekana kwenye makadirio ya bajeti, meli huleta makasha, halafu jengo huchelewa. Andika tarehe zote tatu.

Kanda

Hapa ndipo haraka inapohitajika, na hapa ndipo watu wenye nia njema huharibu zaidi.

Kabla hujaweka kanda yoyote kwenye mashine, piga picha kasha: mbele, nyuma, ubavuni, na kila karatasi iliyo ndani. Soma mwandiko wa penseli nyekundu na nambari iliyofutwa chini yake, kwa sababu kanda zilitumiwa tena na kasha likabaki. Kisha inuse. Harufu ya siki ina maana ni kanda ya asetati inayooza. Iinue kwenye mwanga: rili ya asetati hupitisha mwanga ubavuni, ya polyesta huwa giza. Tofauti hii ni ya lazima kuijua, kwa sababu inayofuata.

Baadhi ya kanda za polyesta za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake hunyonya unyevu, na unyevu ndio mali ya pwani. Ukizicheza zinanata, zinalia kama bawaba kavu, na unga wa kahawia unabaki kwenye kichwa cha mashine. Unga huo ndio sauti yenyewe. Simamisha mara moja. Kanda ya namna hiyo hukaushwa kwa joto la nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa 8 hivi, ikigeuzwa katikati, ikaachwa ipoe kwa muda uleule, halafu inakiliwe ndani ya wiki chache kabla haijarudi hali yake. Tumia kikaushio cha matunda chenye feni na kipimajoto cha pembeni. Usitumie jiko la oveni, maana joto lake hupanda na kushuka bila taarifa. Na kanda ya asetati usiikaushe kabisa kwa joto: itajikunja na hutaicheza tena. Yenye kuvu itenge chumba kingine, vaa barakoa.

Mashine iwe ya rili yenye mwendo wa sentimita 19 na 38 kwa sekunde. Fundi akate kabisa njia ya kurekodi, ili kidole kisije kikafuta kilichodumu miaka 50. Safisha vichwa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 99 kila baada ya rili. Gurudumu la mpira lifutwe kwa maji na sabuni kidogo, spiriti hulikausha. Rili ya inchi 7 yenye futi 1200 hucheza dakika 32 kwa mwendo wa 19. Viungo vya gundi vya zamani vitaachia, kwa hiyo weka mkono karibu na utepe mpya wa kuungia mezani.

Mwendo sahihi utaujuaje? Sikiliza mvumo wa umeme chini ya sauti. Umeme wetu ni hezi 50. Programu ya kompyuta ikionyesha mvumo kwenye 25, unaicheza kwa nusu ya mwendo. Ukiwa kwenye 100 peke yake, chunguza kama umeongeza maradufu. Kanda zilizorekodiwa kijijini kwa mashine ya betri hazina mvumo huo. Kwazo kuna dalili nyingine: betri zilipoisha mashine ilipunguza mwendo, na leo ukicheza, sauti ya msemaji inakuwa nyembamba na ya haraka kadiri kanda inavyoelekea mwisho. Usidhani mzee alikuwa anakimbiza maneno.

Sauti zikisikika kinyumenyume upande mmoja, kanda ilirekodiwa pande mbili, nusu kwa nusu. Mashine za Ulaya na za Marekani pia hutofautiana katika urekebishaji wa besi na treble, IEC kwa Ulaya na NAB kwa Marekani. Vituo vyetu vilikuwa na vifaa vingi vya Uingereza, kwa hiyo jaribu IEC kwanza. Kisha rekebisha mwelekeo wa kichwa kwa kila kanda mpaka herufi za "s" zikate vizuri.

Kuna alama moja ndogo ya kuisikiliza. Kituo kilipojiunga na BBC ya London kwa taarifa ya habari, vilisikika vile vidoko sita vya saa. Hadi mwisho wa 1971 vyote vilikuwa sawa kwa urefu. Tangu 31 Desemba 1971 cha sita kimerefushwa hadi nusu sekunde. Kidoko kirefu cha mwisho kinakuambia kanda hiyo si ya miaka ya 1960, hata kasha liseme nini.

Rekodi kwa WAV, biti 24, kilohezi 96. Kwa mono ni takriban gigabaiti 1 kwa saa, hivyo rili 500 za nusu saa zinahitaji kama gigabaiti 260, na uwe na nakala tatu, moja nje ya mji. Usisafishe kelele kwenye nakala kuu. Jina la faili lianze na mwaka: 1963-12-10_rili0412_upandeA.wav. Tarehe isiyojulikana iandike 196x, usibuni.

Watu, kisha karatasi

Ukishakuwa na jedwali na kanda kumi zilizonakiliwa, ndipo uende kwa wazee, na uende na sauti. Mchezeshee bibi dakika moja ya kipindi alichokitangaza, halafu nyamaza. Usimuulize "historia ya kituo ilikuwaje", kwa sababu atakupa hotuba. Muulize aliingia zamu saa ngapi, alimpokea nani, gari gani lilimfuata usiku, santuri zilikaa rafu ya upande gani, nani aliruhusiwa kugusa mashine. Ulizia matangazo ya vifo: yaliletwa na nani, yalilipiwa shilingi ngapi, yalisomwa mara ngapi. Kwa wasikilizaji wengi wa kituo cha mji, hicho ndicho kipindi kilichokuwa hakikosekani, na karibu hakuna historia iliyoandikwa inayokigusa. Mafundi na wafagiaji nao wahoji. Wao walibaki ofisini viongozi walipobadilika.

Kwa Unguja, karatasi ziko Nyaraka za Taifa, Kilimani. Kwa Kenya ziko Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, angalia kundi la CO 1027 la idara ya habari ya Wizara ya Makoloni. Magazeti kama Mwongozi na Afrika Kwetu ya Unguja, Baraza la Kenya na Mambo Leo la Tanganyika yanafaa kwa ratiba na kwa malalamiko ya wasomaji. Ripoti za wakoloni zisome ukijua kwamba zinaeleza redio ambayo serikali iliitaka, si lazima iliyosikika.

Kwa matukio mazito uwe mwangalifu maradufu. Januari 12, 1964 wanamapinduzi waliitwaa redio pale Raha Leo, na John Okello akatangaza humo. Kila mzee wa Unguja anayo sentensi anayoikumbuka. Wakati huo BBC Monitoring ilikuwa ikisikiliza na kuchapa muhtasari wa matangazo ya dunia kwa Kiingereza. Ukitumia maandishi hayo, usiyarudishe kwenye Kiswahili ukayafunga kwa alama za kunukuu kana kwamba ndiyo maneno yaliyotoka hewani. Andika kwamba ni tafsiri. Weka kando, kwa aya tofauti, kilichoko kwenye kanda, kilichoandikwa na wasikilizaji wa kigeni siku hiyo, na kinachokumbukwa leo.

Nyimbo za vikundi vya taarabu zilizomo kwenye kanda zina wenyewe. Omba ruhusa kwa kituo na kwa kikundi, kwa maandishi, kabla ya kuweka chochote mtandaoni.

Unapomaliza kila rili, irudishe ikiwa imeviringwa kwa mwendo wa kucheza, taratibu, bila kuirudisha mwanzo. Hapo mwangwi wa sauti unaovuja kati ya tabaka utasikika baada ya neno, mahali masikio hayaujali sana. Andika kwenye kasha kwa penseli laini namba ya faili, tarehe ya kunakili na maneno "mwisho nje". Lisimamishe wima kwenye rafu.